Probox ya Ami Haikuwa Safi Hivyo

Wacha nianze na aibu yangu. Mwezi uliopita nilishika mkia kwenye shindano ambalo ni mimi mwenyewe nililipendekeza.

Iko hivi. Tuko vijana saba, wanne wa Ukunda na Diani, wawili wa Msambweni, na mmoja yuko Doha kazini. Tunapenda kuchora magari kwa kompyuta. Wengine wanatumia Blender manake ni ya bure, wengine wanatumia Automation, ile gemu inayokuruhusu ujenge gari kuanzia injini hadi bodi. Kila baada ya muda tunashindana mtandaoni, na zawadi ni soda na heshima tu. Tushachora magari ya mbio, tushachora matatu zenye taa kama disko, tukachoka. Nikasema, jamani, safari hii tuchore gari kuukuu. Gari ambalo mtu wa Kwale angelinunua kweli likiwa limeshatumika. Wengine wote wanakuwa wanunuzi: wanalikagua, wanauliza maswali, halafu wanapiga kura.

Mimi nikachora Probox ya ami yangu. Toyota Probox, nyeupe, ya 2003. Ami aliiendesha miaka mingi akibeba abiria kutoka Ukunda hadi Kwale kupitia Kombani. Karo yangu yote ya sekondari ilitoka kwenye kile kiti chake cha dereva. Nilikaa usiku tatu nikichora. Rangi ikang'aa, taa zikawaka, nikaweka kutu kidogo kwenye milango ili ionekane kuukuu. Nikaibandika namba ya KDA.

Rafiki yetu wa Msambweni akauliza swali moja tu: "Gari ya 2003, namba KDA? Kwani hiyo miaka 17 ilikuwa wapi, jela?"

Kicheko. Na hapo ndo nilipoanza kusoma historia ambayo shuleni hakuna aliyenifundisha.

Hebu tuhesabu pamoja. Namba za KBA zilianza 2007, KCA 2014, KDA 2020. Na Kenya ina kiwango kinachoitwa KS 1515, cha mwaka 2000, kinachosema gari lililotumika haliingii nchini likiwa limepita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza huko lilikotoka, na usukani lazima uwe kulia. Ndiyo maana mwaka 2025 waagizaji waliambiwa walete yaliyosajiliwa kuanzia 2018 tu. Kwa hiyo Probox ya 2003 ilipaswa kushuka bandarini Mombasa kufikia 2010 hivi, na namba yake ianze na KA au KB. Ukiona ina KDA, muulize muuzaji maswali mengi sana.

Mwaka wa gari na namba yake vinakwenda pamoja, kama umri na kitambulisho.

Sasa swali la pili: kwa nini karibu yote yanatoka Japani? Mimi nilidhani ni kwa sababu Toyota haifi. Kumbe kuna sababu mbili ambazo hazihusiani na uimara. Kwanza, Japani wanaendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, kwa hiyo usukani wao uko kulia. Pili, kule gari jipya linakaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu, halafu kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo una gharama kubwa. Watu wengi wanaona afadhali wauze wanunue jipya. Sisi huku, mwanzoni mwa miaka ya 90 serikali ililegeza masharti ya kuagiza vitu kutoka nje, na magari hayo yakaanza kumiminika. Mjapani anakimbia gharama ya ukaguzi, huku mtu wa Ukunda anapata riziki.

Kabla ya hapo mambo yalikuwa tofauti. Miaka ya 70 Kenya ilitaka magari yaunganishwe hapa hapa. Kukawa na kiwanda cha Leyland Thika, General Motors Nairobi, na AVA hapa Mombasa. Peugeot 504 ziliunganishwa Kenya, na ile ndefu yenye viti safu tatu ikawa ndiyo gari la abiria la safari ndefu. Wazee bado wanaisema kwa heshima, na si bure: 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Rafiki yetu wa Msambweni alichora hiyo. Aliipa namba ya zamani, ya kabla ya KAA, carrier juu iliyopinda upande mmoja, na viti vya nyuma vimeshonwa kwa kitambaa kisichofanana na vya mbele. Kila mtu akampigia kura. Hata mimi.

Na kama unadhani gari kuukuu ni la kuchekwa, msikilize huyu. Mwaka 1965 Joginder Singh, Mkenya aliyezaliwa Kericho, alishinda Safari Rally pamoja na nduguye Jaswant. Gari lao lilikuwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, iliyokuwa ya timu ya kiwanda kabla ya kufika mikononi mwao. Ilikuwa mtumba, yaani, na ikayashinda mapya.

Serikali nayo ilijaribu kuchora gari. Mwaka 1986 Rais Moi aliwaomba Chuo Kikuu cha Nairobi watengeneze gari la Kenya, hata kama lingekuwa baya kiasi gani. Wakatengeneza matano ya mfano, yakaitwa Nyayo Pioneer, yakaonyeshwa hadharani 1990. Yalifika kasi ya kilomita 120 kwa saa. Pesa za kuyaunda kwa wingi hazikupatikana, na hadithi ikaishia hapo. Yaani sisi saba tunaochora kwa laptop zilizovunjika kona si wa kwanza. Kuna Wakenya walishachora gari kabla yetu, na wao walilifikisha barabarani.

Lakini angalia kilichotokea baada ya hapo. Mwaka 1997 Gran Turismo ilitoka Japani kwa PlayStation. Unaanza na pesa kidogo, zinazotosha gari lililotumika, halafu unapanda ngazi. Vijana wa pwani nzima wamekua wakilipia dakika kwenye vibanda vya gemu ili wanunue magari yaliyotumika kwenye skrini, huku magari yaliyotumika ya ukweli yakipita nje ya mlango. Ya kwenye skrini hayakuwa na kutu. Hayakuwa na mtu aliyelala njaa ili yapate tairi. Ndiyo maana mimi naweza kukuelezea Skyline kizazi baada ya kizazi, lakini Probox iliyonisomesha nikaikosea namba.

Hilo ndilo linaloniuma, na ndilo ninalotaka kulisema hapa. Tunajua nusu ya kwanza ya maisha ya magari haya, ile ya kiwandani, manake imeandikwa. Nusu ya pili ni yetu na hakuna anayeiandika. Gari likichoka linakatwakatwa, linauzwa kilo kwa kilo kama vyuma chakavu, na kila kitu lilichokijua kinaondoka nalo.

Basi nikachukua laptop nikaenda kwa ami. Nikamwamkia, akaniitikia, nikamwonyesha mchoro wangu. Akauangalia muda mrefu.

"Nzuri," akasema. "Lakini hii si gari yangu."

Nikamuuliza kwa nini.

"Kutu umeiweka juu. Kutu ya huku haianzi juu, inaanza chini. Chumvi ya bahari inakula kule usikokuona, na ukiiona mlangoni ujue chini kushaisha." Akaniambia bampa ya mbele lazima ikwaruzwe upande wa chini, kwa sababu ya kushuka na kupanda feri pale Likoni alipokuwa akipeleka wagonjwa na maharusi Mombasa. Akasema pedali ya breki ilikuwa imelika upande mmoja, manake Kwale iko juu mlimani, na kushuka hadi Kombani mguu hautoki kwenye breki. Akasema mlango wa nyuma kushoto haukufunguka kwa ndani, abiria alipitisha mkono dirishani akafungua kwa nje. Springi za nyuma zilikuwa zimelala kwa uzito wa watu na magunia ya nazi.

Niliandika kila kitu. Kila alama aliyoitaja ilikuwa na safari yake, na sikuweza kuibuni hata moja.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Nilipokuwa kidato cha pili niliionea haya gari ile. Wenzangu walikuwa wakishushwa na magari ya wazazi, mimi nikishushwa na Probox yenye mlango unaofunguliwa kwa nje. Kwa hiyo kila asubuhi nilimwambia ami anishushe pale kwenye mbuyu, mbali na geti, eti nataka kunyoosha miguu. Alisimama bila kuuliza. Miaka mitatu.

Probox mwenyewe aliiuza mwaka niliomaliza shule, ili nilipiwe ada ya chuo. Tuna picha zake mbili tu, na moja imekatwa nusu.

Sasa ninaichora upya. Namba inaanza na KB, kutu iko chini, springi zimelala. Shindano lijalo sijui kama nitashinda, manake jamaa wa Doha anasema analeta Land Rover ya babu yake. Wewe pia, kabla hujachora gari la ndoto, kamuulize aliyekubeba ukiwa mdogo gari lake lilikuwa na ubovu gani. Hatasahau hata mmoja.

Juzi nilimpelekea ami mchoro mpya. Akauzungusha kwenye skrini, akakagua mlango, akakagua bampa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu akanirudishia laptop, akacheka kidogo.

"Imekaribia," akasema. "Sasa weka na ule mbuyu, na kijana mmoja anashuka."