Unyago wa Newala na Swali la Nani Aseme

Wapo kati yetu visiwani wanaouhesabu mjadala wa jinsia kuwa bidhaa ya ng'ambo iliyoshushwa bandarini juzi. Historia ya Masasi na Newala yasema vingine.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule aliyeishughulikia sana lugha yetu, aliondoka Unguja na watu waliokombolewa utumwani, akawapeleka Masasi. Majirani zao Wamakua na Wayao, pamoja na Wamakonde wa nyanda za Newala, walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Mwaka 1906 akafika Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani, akaandika habari za jando na unyago. Baadaye Vincent Lucas, askofu wa Masasi tangu 1926 hadi 1944, akaliingiza jando katika ibada za Kanisa. Unyago ulikuwa mgumu zaidi kwake, kwani siri zake zilikuwa mikononi mwa makungwi, na padri hana mlango humo.

Basi Mjerumani aliandika, Mwingereza akarekebisha. Mwenye ngoma yake aliulizwa kidogo mno.

Wanaharakati wa leo, ambao chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, kilianzishwa nao mwaka 1987, wana hoja nzito. Binti akichezwa angali mdogo, akatoka akiambiwa kuwa sasa ni mtu mzima, atarudije darasani? Sheria ya Ndoa ya Tanzania Bara ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya mzazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kuwa jambo hilo lapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo.

Hata hivyo, hukumu haimfikii binti kabla ya kungwi. Anayemkalia kitako na kumfunza utu uzima ni huyo, na asiposhirikishwa atafunza kama alivyofunzwa. Wala asidhaniwe kuwa hawezi kubadili: Bibi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliutoa msondo wa unyago uwanjani, dunia ikausikia.

Lugha yetu humwita mwari aliye jandoni na aliye unyagoni pia. Jina ni moja kwa wote wawili. Haki ya kurudi shule nayo iwe moja, na kungwi awe wa kwanza kuulizwa namna ya kuilinda.