Mtawa Aliyejibu Barua

Nilikuwa karani wa posta Nairobi kwa miaka 26, na mingi kati ya hiyo niliimaliza nyuma ya masanduku, upande ule ambao wenye funguo hawauoni. Ukikaa huko muda mrefu unamjua mtu kwa barua zake. Huyu ni wa bili, huyu ni wa mahakama, huyu ana mtoto anayesoma ng'ambo. Pale kwetu, si mbali na Ngara, palikuwa na masanduku ya wafanyabiashara Wahindi yaliyopata mara kwa mara bahasha kutoka Gujarat, jina la mtumaji limeandikwa kwa ile hati isiyo na mstari juu ya herufi. Kihindi huning'inia kwenye mstari kama nguo kwenye kamba, Kigujarati husimama chenyewe. Ndivyo nilivyojifunza kuzitambua.

Mwenye sanduku mmoja alikuwa mzee muuza vitambaa. Hakumtuma kijana, alikuja mwenyewe. Siku moja mwaka 1984 akanigongea dirishani. "Bwana posta, leo ipo?" Ilikuwepo, nami nilikuwa nimekwisha kuigonga muhuri wa siku mgongoni, kama ilivyokuwa desturi yangu. Hakuifungua. Aliigusisha kwenye paji la uso, akaitia mfukoni mwa shati upande wa moyo, kisha akabaki amesimama palepale. Nikamuuliza, "Mzee, kuna msiba?"

"Hapana, ndugu yangu. Swami amejibu."

Alikuwa amekosana na mdogo wake juu ya duka, mwaka wa pili hawasalimiani, ndipo akaandika kuuliza afanyeje. Jibu lilisema nini hakuniambia, nami sikumuuliza, maana barua ya mtu ni ya mtu. Ila kabla ya mwezi kwisha nilipita pale dukani nikamkuta mdogo mtu nyuma ya meza, anapima kitambaa kwa mkono, na kaka yake anakata.

Tangu hapo nilitaka kumjua huyo mjibu barua. Ni Pramukh Swami Maharaj, kiongozi wa BAPS, jumuiya ya Wahindu wafuasi wa Swaminarayan. Alizaliwa tarehe 7 Desemba 1921 katika kijiji cha Chansad, karibu na mji wa Vadodara, jina lake Shantilal Patel. Na mimi mtu wa posta nilifurahi kusikia kwamba utawa wake wenyewe ulianza kwa barua. Novemba 1939, akiwa kijana wa miaka 17, alikuwa anaondoka na wenzake kwenda mjini kununua vifaa vya kriketi, mjumbe akamfikia na barua ya mwalimu wake, Shastriji Maharaj, ya kumwita. Kriketi ikaishia hapo. Alirudi nyumbani, akawaaga wazazi, akaenda. Januari 1940, huko Gondal, alipewa jina la utawa, Narayanswarupdas.

Miaka kumi baadaye, tarehe 21 Mei 1950, katika kichochoro kimoja cha mji wa kale wa Ahmedabad, Shastriji alimfanya rais wa jumuiya nzima. Alikuwa na umri wa miaka 28, na wazee waliokuwa watawa kabla hajazaliwa walikuwa wamekaa mbele yake. "Pramukh" maana yake ni rais, na cheo kikageuka kuwa jina. Jioni hiyohiyo, baada ya watu kula, walimkuta ameinama anaosha vyombo. Anayejua shughuli za Kihindi anajua vyombo hivyo ni vya namna gani: masufuria ambayo mtoto anaweza kuogea ndani, samli imeganda pembeni, masinia yamerundikana mpaka kiunoni. Asubuhi amevishwa shada, jioni mikono imo kwenye majivu na maji. Nimewaona wakubwa wengi wa ofisi siku ya kupandishwa cheo, na jambo la kwanza waliloliacha ni kazi yao ya jana.

Huku kwetu Afrika Mashariki, uhusiano na watawa hawa ulikuwa umekwisha kuanza kabla Pramukh Swami hajawa mwalimu. Mwalimu aliyemfuata Shastriji, Yogiji Maharaj, alikuja mara tatu, 1955, 1960 na 1970, na hekalu la Mombasa ni la safari ile ya kwanza. Yogiji alipofariki Januari 1971, Pramukh Swami akabeba mzigo wote, wa rais na wa mwalimu pamoja. Mwaka uliofuata Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90. Waliokuwa wakiandika kutoka Kampala na Jinja wakaanza kuandika kutoka London na Leicester, katika vyumba vya baridi, na maswali yao yalikuwa yaleyale: kazi, ndoa, mtoto asiyesikia, mama mgonjwa. Anwani ndiyo iliyobadilika. Kwa mtu aliyenyang'anywa duka, nyumba na nchi, kuwa na mahali pamoja duniani panapojibu si jambo dogo.

Jumuiya yake inahesabu barua zaidi ya 700,000 alizozijibu. Nimezigawa kwa miaka 66, tangu apewe urais hadi kufa kwake, nikapata barua 29 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Mtu huyo wakati huohuo alikuwa safarini karibu mwaka mzima. Alifika katika vijiji na miji zaidi ya 17,000, akiandika garini, akiandika kitandani anapougua. Hotuba zake hazikuwa za kusisimua, na sidhani kama alitaka ziwe.

Liko jambo lililonisumbua, nalo nalisema. Kiapo chake cha utawa kilimkataza kuzungumza na wanawake, nao wakakaa nyuma katika mikutano. Shida za wake na mabinti ilibidi zipitie kwa wanaume wa nyumba. Mke wangu alipolisikia hili alikunja uso, na sikuwa na la kumjibu.

Lakini Septemba 2002 watu wenye silaha walipoingia katika hekalu la Akshardham, Gandhinagar, wakaua watu zaidi ya 30, Gujarat ikiwa bado inavuja damu ya ghasia za mapema mwaka ule, neno lake moja lingetosha kuwasha moto. Aliwaombea marehemu na kuwataka watu watulie. Hakutaja kisasi.

Nilimwona mara moja tu, Agosti 1999, alipokuja kufungua hekalu la mawe la Forest Road, Nairobi. Nilikuwa nimestaafu. Mzee wangu wa vitambaa alinipeleka akiwa amenishika mkono, tukasimama mbali. Nikaona mtu mdogo wa mwili, nguo za rangi ya zafarani, viganja vimeunganishwa kifuani.

Swami alifariki tarehe 13 Agosti 2016, huko Sarangpur, na mzee wangu alikuwa ametangulia. Nilikwenda dukani kutoa pole. Mwanawe alinikalisha, akaagiza chai, akatoa daftari jekundu la hesabu, la zamani, lililofungwa kwa uzi wa pamba. Ndani yake zilikuwamo barua 11. Akanipa ya juu kabisa niishike. Niliigeuza kwa mazoea tu, na mgongoni, wino umefifia lakini tarehe bado inasomeka, palikuwa na muhuri wangu.