Nyumba aliyokulia Ngũgĩ iko wapi?

Marafiki, ukifika Rungsted, Denmark, utaingia nyumba aliyozaliwa mwandishi Karen Blixen mwaka 1885. Ni makumbusho tangu 1991. Hata nyumba aliyoishi Kenya imetunzwa, iko Nairobi, unalipa kiingilio unaingia. Sasa tujiulize: nyumba aliyokulia Ngũgĩ wa Thiong'o, jirani yetu wa ng'ambo ya mpaka, iko wapi?

Ngũgĩ alizaliwa 1938 Kamiriithu, Limuru. Mwaka 1955 alianza masomo Alliance. Aliporudi likizo ya kwanza hakukuta kijiji. Nyumba ya mama yake ilikuwa imebomolewa na majirani wamehamishwa. Serikali ya kikoloni ilikuwa inapigana na Mau Mau, kwa hiyo ikakusanya watu kwa nguvu kwenye vijiji vipya, chini ya ulinzi wa askari. Zaidi ya watu milioni moja waliingizwa kwenye vijiji zaidi ya 800.

Hayo sisi hatuhitaji kuelezwa sana. Kuna wenzetu walitoka asubuhi wakiwa na kwao, jioni hakuna kitu. Wilaya hii hii ya Tororo, mwaka 2008, kambi ya Mulanda ilipokea Wakenya waliokimbia vurugu za uchaguzi.

Mwaka 1959 Ngũgĩ aliingia Makerere. Wanafunzi wengi wa Kenya wa wakati ule walikuja kwa treni ya Kampala, na reli yake ndiyo hii inayopita hapa Tororo. Huko Makerere, kijana asiye na nyumba ya kuonyesha mgeni akaanza kuandika riwaya. Baadaye alifungwa bila kesi, na kuanzia 1982 akaishi uhamishoni. Mwaka 2010 akatoa kitabu cha utoto wake, Dreams in a Time of War. Alifariki Marekani mwaka 2025. Nyumba haipo, lakini kupitia kitabu hicho tunaingia bila kiingilio.

Ndugu zetu wa mashirika, fomu zenu zinauliza tumetoka wapi na tuko wangapi. Ni sawa, lakini siku moja muulizeni mtoto jiko la kwao lilikuwa upande gani. Na sisi vijana, tuwaulize wazazi sasa, wakiwa bado wapo: nani alijenga, mti gani ulikuwa uani, jirani aliitwa nani. Tuandike kwenye daftari, kwa lugha yoyote tunayoijua. Hakuna mtu mwingine atakayetutunzia.