Wageni Waliopewa Jembe Kibaha

Wazungu waliopitisha reli katika kijiji cha Soga, Kibaha, hawakuja kwa amani. Walianza kuitandika kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, mwaka uleule vita vya Majimaji vilipolipuka, na mwaka 1907 ikafika Morogoro. Kibasila, jumbe wa Kizaramo wa upande wa Kisarawe aliyekataa pamba ya kulazimishwa, Wajerumani walimnyonga. Kwa hiyo mzee yeyote wa Soga aliyesikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwamba Wazungu wengine wameingia Kibaha, tena wa nchi asizowahi kuzisikia, alikuwa na haki ya kuuliza hawa nao wanatafuta nini.

Safari hii walitoka nchi nne za Kaskazini mwa Ulaya: Denmark, Finland, Norway na Sweden. Makubaliano yao na serikali ya Tanganyika yalitiwa saini mwaka 1962, na mwaka uliofuata mradi ukaanza. Ikajengwa shule ya sekondari, kikajengwa kituo cha afya, na kingine cha kufundishia wakulima, yaani jibu moja kwa kila adui wa wale watatu wa Mwalimu Nyerere: ujinga, maradhi na umaskini. Tarehe 10 Januari 1970 wageni wakakabidhi kila kitu kwa Tanzania, likazaliwa Shirika la Elimu Kibaha. Kile kituo cha afya ndicho leo Hospitali ya Tumbi, ambayo kila dereva wa barabara ya Morogoro anaijua na anamwomba Mungu asiingizwe humo kwa machela. Shuleni alipita Jakaya Kikwete kati ya 1966 na 1969.

Kwa nini miaka ile? Tuangalie tu mwaka 1961. Mwezi Septemba, Dag Hammarskjöld, Mswidi aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikufa kwa ajali ya ndege karibu na Ndola akienda kutafuta usuluhishi wa vita vya Kongo. Tarehe 9 Desemba Tanganyika ikapata uhuru. Kesho yake, huko Oslo, Chifu Albert Luthuli wa Afrika Kusini akapokea Tuzo ya Nobel ya Amani. Kwa watu wa Kaskazini, Afrika na amani vilikuwa vimeshikana katika habari moja. Walipenda pia kujiona kama Wazungu wasio na doa la ukoloni, na hapo tusiwaachie moja kwa moja: ngome ya Christiansborg pale Accra, iliyopitisha watumwa, ilikuwa ya Wadenmark.

Denmark hiyohiyo ilikuwa imeshazaa wazo jingine. Mwaka 1949 Mmarekani mmoja, Bob Luitweiler, aliyefungwa jela kwa kukataa kupigana katika Vita Kuu ya Pili, alikuwa huko akivutiwa na vyuo vya wananchi, vile ambavyo watu wazima hukaa pamoja na kusoma bila mitihani. Yeye na wenzake wakaanzisha utaratibu uliokuja kuitwa Servas. Msafiri anabeba barua ya utambulisho, anapokewa nyumbani kwa mwenyeji wa nchi nyingine, analala siku mbili, anakula wanachokula, wanazungumza. Halipwi mtu. Imani yao ilikuwa kwamba uliyekula naye ugali huwezi kesho kumlenga bunduki.

Siku mbili. Mswahili anayejua methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, atacheka hapo, maana Servas inamwondoa mgeni kabla hajakabidhiwa mpini. Mimi naona nguvu ya Kibaha ni kwamba wale wa Kaskazini walifika siku ya tatu. Walifundisha darasani, wakatibu, wakalima, wakagombana na maofisa juu ya vifaa na bajeti, kisha wakaondoka na majengo yakabaki na wenyewe.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Bill Sutherland, Mmarekani mweusi ambaye naye alifungwa kwa kukataa vita, alifika Dar es Salaam mwaka 1962 na Brigedi ya Amani ya Dunia, akiwa pamoja na Bayard Rustin na kasisi Michael Scott. Walipanga maandamano ya kuvuka mpaka kuingia Rhodesia ya Kaskazini bila silaha, kumuunga mkono Kenneth Kaunda. Mambo ya katiba yakasogea, uchaguzi ukafanyika Oktoba, maandamano hayakuwa na kazi tena. Wenzake wakarudi kwao, Sutherland akabaki. Aliishi Dar es Salaam miaka mingi, na mgeni akawa mwenyeji: wapigania uhuru wa kusini na wanaharakati kutoka Marekani walipita kwake. Alifariki mwaka 2010.

Barbro Johansson alitangulia wote. Mswidi huyu alikuja Bukoba mwaka 1946 kufundisha wasichana, akaingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1959 akiwa na TANU, na mwaka 1962 akachukua uraia. Baadaye alipelekwa ubalozi wa Stockholm, yaani Tanzania ilimtuma Mswidi kwao kama mjumbe wake. Kama kuna mtu aliyeunganisha nyumba hizi mbili, ni yeye.

Vyuo vile vilivyomvutia Luitweiler navyo vilifika huku. Kuanzia mwaka 1975, kwa msaada wa Sweden, vilianzishwa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Leo ni zaidi ya hamsini, Kibaha ikiwa na chake chini ya Shirika la Elimu. Vingine vilifunga urafiki na vyuo vya Sweden, na wageni wa kule huja kukaa na wanachuo wa hapa. Wa hapa kwenda kule, hadithi ni fupi.

Tangu 14 Juni 2024 treni ya umeme inasimama Soga, na kijana wa Copenhagen akitua Dar es Salaam anaweza kufika huko siku hiyohiyo. Viza yake ameipata mtandaoni au pale uwanjani. Kijana wa Soga anayetaka kumrudishia ziara atadaiwa taarifa za benki, bima, barua ya mwaliko na uthibitisho kwamba atarudi, kisha anaweza kunyimwa na ada asirudishiwe.