Chaza wa Broad Street

Mwaka mmoja, katika kujifundisha kazi ya tafsiri, nilijipa zoezi la kukigeuza kwa Kiswahili kitabu alichokiandika Charles Dickens baada ya safari yake ya Marekani ya mwaka 1842. Kazi hii sikuisomea chuoni; nilicho nacho nimekipata kwa kamusi, kwa kuuliza wazee na kwa kukosea. Nilipofika katika sura ya mji wa New York nilikwama. Mwandishi anapita barabarani usiku, anaona taa juu ya ngazi zinazoteremka chini ya nyumba, na huko chini watu wanakula chaza. Neno la Kiingereza la mahali hapo lilinishinda. Sisi aghalabu hatujengi vyumba chini ya ardhi. Nyumba zetu za mawe hupanda juu. Nikaandika "pango", nikafuta. Nikaandika "ghala", nikafuta pia, kwani ghalani huwekwa mali wala hakukaliwi kula. Mwisho niliandika "mkahawa wa chini", na kwa kuwa moyo wangu haukuridhika, nikaanza kuulizia mahali hapo palikuwa pahali gani hasa, na nani aliyepaendesha.

Kwanza ni bahari yenyewe. Mji wa New York umekaa pale maji matamu ya mto Hudson yanapochanganyika na maji ya chumvi, na mchanganyiko huo ndio aupendao chaza. Kabla ya kuja Wazungu, watu wa Lenape waliokaa pwani ile walikula chaza kwa wingi hata magamba yake yakafanya vichuguu. Mtaa mmoja wa zamani wa mji huo, uliokuwa ukipita kando ya maji, unaitwa Pearl Street, yaani Mtaa wa Lulu, na jina hilo limetokana na magamba hayo. Lulu zenyewe hazikuwapo, kwani chaza wa huko si wa jamii ya chaza wa lulu. Yeye ni wa kuliwa tu. Magamba yake yalichomwa yakawa chokaa ya kujengea, kama sisi tulivyochoma matumbawe.

Katika karne ya 19 chaza walikuwa chakula cha kila mtu katika mji ule. Waliuzwa katika vigari barabarani, masokoni, na katika mikahawa ile ya chini iliyomshangaza Dickens. Alama yake ilikuwa taa iliyofunikwa kitambaa chekundu, ikaning'inizwa mlangoni kama tufe. Katika baadhi ya mikahawa hiyo mtu alilipa senti sita akala mpaka akatosheka. Aliingia kuli, aliingia karani, aliingia baharia aliyeshuka chomboni usiku huo. Kwa sababu hiyo mingi kati yake ilikuwa na sifa mbaya: ulevi, kamari na mambo mengine yaliyowafanya watu wa heshima wapite upande wa pili wa njia.

Aliyeibadili sifa hiyo alikuwa mtu mweusi, jina lake Thomas Downing.

Alizaliwa mwaka 1791 Chincoteague, kisiwa cha jimbo la Virginia. Wazee wake walikuwa watumwa walioachwa huru, wakapata kipande cha ardhi kisiwani humo. Kijana huyo alikua kama wakuavyo watoto wa visiwa vyote: akijua maji yanapokupwa na yanapojaa, akichimbua chaza na kombe matopeni, akivua samaki. Baada ya vita vya mwaka 1812 alielekea kaskazini, akakaa Philadelphia, akaoa huko, na mwaka 1819 akahamia New York. Alinunua mashua ndogo, akawa anavuka mto Hudson hadi upande wa New Jersey kuchokoa chaza kwa koleo za mipini mirefu. Mwaka 1825 alifungua mkahawa wake Broad Street, nambari 5, hatua chache kutoka Wall Street penye mabenki, na jirani na forodha.

Mwanawe, George, aliyechapisha habari za maisha ya baba yake mwaka 1887, ameeleza jinsi mzee alivyofanya biashara. Usiku wa manane alitia kasia, akaenda kuzilaki mashua za chaza kabla hazijafika gatini, akachagua walio bora. Kisha alirudi gatini na kusimama mnadani pamoja na wanunuzi wengine, akipandisha bei ili manahodha wasiuze kwa hasara. Kwa hivyo nahodha mwenye chaza wazuri alimtafuta yeye kwanza.

Ndani ya mkahawa wake alitandika mazulia, akatundika vioo na taa za vigae vya kioo, akaweka mapazia. Mwanamume aliweza kumleta mkewe bila ya kuona haya, jambo ambalo katika mikahawa mingine ya aina hiyo halikuwezekana. Walaji walipewa chaza wabichi, wa kuoka, wa mchuzi, wa kujazwa ndani ya bata mzinga, na samaki waliomiminiwa rojo la chaza. Mwaka 1835 alichukua majengo mawili ya jirani akapanua mkahawa. Desemba ya mwaka huo sehemu kubwa ya mji wa chini iliungua, na baridi ilikuwa kali hata maji yakaganda. Inasimuliwa kwamba Downing alitoa mapipa yake ya siki, nayo yakatumika kuliokoa jengo la gazeti moja la wafanyabiashara lisiteketee.

Hapa msomaji anaweza kudhani kuwa nasimulia hadithi ya maskini aliyefanikiwa. Hadithi hiyo imo, lakini si yote. Waliokaa katika meza za Downing walikuwa Wazungu: wenye mabenki, madalali, mawakili, wanasiasa, wafanyabiashara wa pamba. Ndivyo mji ule ulivyotaka, na mtu mweusi aliyetaka kupata wateja wa Wall Street ilimbidi aufuate. Watu wa rangi yake waliweza kupasua chaza katika mkahawa huo, lakini hawakuweza kukaa na kuagiza chaza. Pesa zilizomwagika mezani pake nyingi zilitokana na pamba, na pamba ililimwa na watumwa wa kusini, katika nchi ile ile aliyotoka yeye.

Na chini ya mkahawa huo, katika vyumba vya kuwekea chaza, Downing alificha watoro. Neno hili halikunipa taabu kulitafsiri. Pwani yetu inalijua vyema. Mtumwa aliyetoroka kusini alipofika New York hakuwa amesalimika, kwani wawindaji wa watu walimfuata huko huko, na baada ya sheria ya mwaka 1850 serikali yenyewe iliwajibika kuwasaidia. Juu walikuwa wakila watu ambao baadhi yao walikopesha fedha kwa wenye mashamba; chini alikaa aliyelikimbia shamba, akingoja usiku avushwe kuelekea Kanada. Mwaka 1836 Downing alikuwa miongoni mwa watu weusi walioasisi chama cha kupinga utumwa mjini humo. Tena alipigania haki ya kura, kwani katiba ya jimbo la New York ya mwaka 1821 ilimtaka mwanamume mweusi awe na mali ya dola 250 ndipo apige kura, na mwanamume mweupe hakudaiwa sharti hilo la mali. Wenye mali kama yeye walikuwa wachache. Aliwapigania wasiokuwa nayo.

Wateja walimheshimu alipokuwa nyuma ya meza yake. Akitoka nje mambo yalikuwa mengine. Karibu na mwaka 1840 aliwahi kupigwa na kutolewa katika gari la reli kwa sababu ya rangi yake, na mahakamani hakupata haki. Lakini Februari 1842, wenye mji walipomfanyia Dickens sherehe kubwa, aliyepewa kazi ya kuandaa chakula alikuwa Downing huyo huyo.

Nilipofika hapo ndipo nilipokumbuka kuwa kisiwa chetu nacho kina sehemu katika habari hii. Tarehe 30 Aprili 1840 merikebu iitwayo Sultana, iliyotoka Unguja, ilitia nanga New York. Ilitumwa na Seyyid Said bin Sultan, ambaye tangu mwaka 1833 alikuwa na mkataba wa biashara na Marekani, na mjumbe wake alikuwa Ahmad bin Na'aman. Ilipakia pembe, karafuu, tende, buni na ngozi, pamoja na zawadi za Rais Martin Van Buren: farasi, mazulia, na lulu. Lulu halisi zikaja kutoka kwetu, hata katika mji wenye Mtaa wa Lulu uliojaa magamba matupu.

Waingereza na Wamarekani wana kanuni kwamba chaza huliwa katika miezi ambayo majina yake yana herufi R, yaani kwa Kiingereza kuanzia Septemba hadi Aprili. Mwenye kuifasiri kanuni hiyo kwa Kiswahili atawanyima walaji riziki, kwa sababu kwetu watabakiwa na Januari, Februari na Aprili tu. Maana yake ni kwamba miezi ya joto ni ya chaza kuzaa, nyama yake hukonda, na zamani ilikuwa rahisi kuharibika njiani. Basi kwa kanuni hiyo Ahmad bin Na'aman aliwasili siku ya mwisho ya msimu, na alipong'oa nanga Agosti msimu mpya ulikuwa haujaanza.

Lakini biashara yake haikuhitaji kuonja chaza ili ikutane na meza za Broad Street. Katika biashara hiyo Unguja ilinunua kwa Wamarekani kitambaa cha merikani, na pamba ya merikani ndiyo ile iliyolimwa na watumwa wa kusini. Karafuu iliyopakiwa Sultana ilichumwa na watumwa wa Unguja na Pemba. Nao walitoroka, lugha yetu isingekuwa na neno "mtoro" kama wasingetoroka. Mtu akisoma habari za Downing hapa kisiwani asione kuwa anachungulia dhambi za nyumba ya jirani. Soko letu la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na hadhi ya utumwa kisheria iliondolewa Unguja na Pemba mwaka 1897. New York walitangulia kuuondoa mwaka 1827, lakini waliendelea kula kutokana na utumwa wa wengine, na sisi tulivaa kutokana nao.

Tarehe 9 Aprili 1866, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, bunge la Marekani liliipitisha juu ya kura ya kukataa ya rais sheria iliyotamka kuwa watu weusi waliozaliwa nchini ni raia. Siku iliyofuata, tarehe 10, Thomas Downing alifariki. Alikuwa amelisha mji ule kwa zaidi ya miaka 40, na uraia wake uliandikwa katika sheria ya nchi kwa siku moja. Chumba cha wafanyabiashara cha New York kilifungwa ili wanachama wake wahudhurie maziko. Mwanawe George, aliyekuwa na biashara ya chakula kama baba yake, mwaka huo huo aliona matunda ya mapambano yake ya muda mrefu: shule za jimbo la Rhode Island ziliacha kuwatenga watoto kwa rangi.

Chaza wenyewe hawakudumu. Maji taka ya mji yaliwatia sumu, homa ya matumbo ikahusishwa nao, na mwaka 1927 maeneo ya mwisho ya kuvulia chaza katika maji ya New York yalifungwa. Mkahawa mashuhuri wa chaza ulio chini ya kituo cha reli cha Grand Central, uliofunguliwa mwaka 1913, unaendelea kuwapokea walaji chini ya matao yake ya vigae, ila chaza wake hutoka kwingine. Tangu mwaka 2014 kuna mradi wa kuwarudisha chaza bandarini: magamba hukusanywa kutoka mikahawani, huachwa juani kwa muda mrefu yasafike, kisha hutiwa vifaranga vya chaza na kuzamishwa majini. Hawakusudiwi kuliwa. Kazi yao ni kuyachuja maji, na gamba lililotupwa na mlaji huweza kuwa nyumba ya chaza wengine.

Siku hizi nikipita Forodhani jioni, nikaona wageni na wenyeji wamezizunguka meza za pweza na ngisi, taa zikiwaka na moshi ukipanda, humtazama kwanza yule aliyeshika kisu. Huwaza ameamka saa ngapi, mali ni ya nani, na kama akimaliza kazi ataweza naye kukaa mahali wanapokaa anaowalisha. Maswali haya si ya New York peke yake.

Ama ile tafsiri yangu, niliirudia. Maneno "mkahawa wa chini" niliyaacha pale pale nilipoyaandika mara ya kwanza. Yalikuwa sahihi kuliko nilivyodhani, kwa kuwa sikujua bado kuwa chini ya mkahawa huo kulikuwa na chini nyingine.