Winda na Msala: Historia ya Kumfunza Mwana Usafi katika Pwani ya Kaskazini

Historia ya pwani yetu aghalabu huandikwa kwa majina ya masultani, majahazi na misikiti. Ni nadra kutajwa kazi iliyofanywa na kila mama, tangu Burgao hadi Vanga: kumfunza mwana kwenda haja mahali pake. Sisi walimu wa lugha twaona kuwa kazi hiyo nayo ina historia, na kwamba sehemu kubwa ya historia hiyo imehifadhiwa katika maneno.

Burgao ni bandari ya Wabajuni iliyoko kusini ya Kismayo, nchini Somalia. Huitwa pia Birikau, na Waingereza waliiita Port Dunford kabla Jubaland haijakabidhiwa kwa Waitaliano mwaka 1925. Wabajuni ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na hapo ndipo yatupasa kuanza. Kwa mujibu wa madhehebu hayo, mkojo wa mtoto wa kiume asiyetimiza miaka miwili, naye hali chakula ila maziwa, ni najisi nyepesi: nguo hunyunyiziwa maji, basi. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alifanya hivyo pale mwana wa Ummu Qays alipomkojolea. Akishaanza kula, au akiwa wa kike, sharti nguo ioshwe. Kwa mama asaliye mara tano kwa siku, ambaye kila ndoo ya maji aliiteka kisimani, jambo hili halikuwa dogo. Wala si ajabu kwamba katika Kiswahili msala ni mkeka wa kusalia, na msalani ni mahali pa kwendea haja.

Neno jingine la kuzingatiwa ni kukojoza. Hatusemi tu kwamba mtoto amekojoa. Twasema mama amemkojoza. Hii ni kauli ya kusababisha, na mtenda ni mama. Humpakata mwanawe, akamshika mapaja, akatoa mlio wa "shii", kisha akangoja. Anayetangulia kujifunza, basi, ni mama, ajuaye dalili za uso na miguu ya mwanawe. Kadhalika, jina la kikojozi hapewi mtoto mchanga. Hupewa yule mkubwa anayelowesha kitanda. Lugha haimlaumu asiyefikia umri.

Ushahidi wa mwendo huu ulichapishwa mwaka 1977. Marten na Rachel deVries waliishi na Wadigo, jirani zetu wa pwani ya kusini ya Kenya, wakaona kwamba mama huanza kumkojoza mwanawe katika majuma ya mwanzo ya uhai wake, na kwamba afikapo miezi mitano au sita mtoto huwa mkavu usiku na mchana. Samaki mkunje angali mbichi. Jarida lililochapisha habari hiyo ndilo lililochapisha, mwaka 1962, uchunguzi wa daktari Brazelton wa Marekani juu ya watoto 1,170, aliyewashauri wazazi wangoje hadi miezi 18 hivi, mtoto aonyeshe mwenyewe kuwa yu tayari. Tofauti hii haikutokana na maumbile ya watoto. Mmoja alibebwa mgongoni, dalili zake zikijulikana upesi. Mwingine alifungwa nguo iliyozificha.

Nguo hiyo nasi tunayo, na jina lake ni winda. Tangu miaka ya 1830 meli za Salem zilileta marikani Unguja, na majahazi yakaisambaza bandari za kaskazini. Mwishoni mwa karne ya 19 zikaja kanga, ambazo zikichakaa hulainika na kumfaa mtoto. Baadaye likaingia neno nepi. Hata hivyo, winda la kitambaa lina fadhila moja: likilowa, mtoto huhisi. Kwa hiyo aliyezoea winda hahitaji kulazimishwa. Avuliwe mchana, apelekwe msalani, au akalishwe kwenye poti, kila aamkapo na kila amalizapo kula, asikilizishwe mlio uleule kila mara, akichelewa, atawazwe bila kukemewa. Usiku winda lirudishwe mpaka aamke mkavu siku kadhaa mfululizo. Nepi za kutupa, zilizoanza kuuzwa kwa jina la Pampers mwaka 1961, hunyonya maji hata mtoto asijue kuwa amelowa. Ndiyo maana mafunzo yake huchukua muda zaidi.

Linalotutia wasiwasi ni jingine. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wabajuni wengi waliihama pwani yao. Baadhi walihifadhiwa katika kambi ya Jomvu, karibu na Mombasa. Wengine wakafika hata Uingereza. Mama aliye ugenini, mbali na bibi wa kumwelekeza, hununua nepi dukani na kuyasoma maelekezo kwa lugha ya kigeni. Mtoto atajifunza usafi, hilo halina shaka. Lakini kukojoza, kutawaza na winda hayatatamkwa nyumbani mwake, kwa kuwa kazi zenyewe hazifanywi.

Kwa hiyo twawaomba wenzetu wanaofundisha watoto wa Kibajuni, popote walipo, wawaagize wanafunzi kuwauliza bibi zao maneno ya ulezi na kuyaandika pamoja na maelezo ya kila kazi. Wengi hudhani kuwa maneno haya hayafai daftari. Bibi hawakuyaonea haya. Waliyatumia kila alfajiri, kabla ya kutandika msala.