Kulala kwa watu njiani: msafiri wa baiskeli na mwenyeji wake

Kwa watu wengi wa Namasakata na vijiji vingine vya Mkoa wa Ruvuma, baiskeli ndiyo usafiri wa kila siku. Hupeleka mahindi mashineni na mgonjwa zahanati. Safari ndefu ni jambo jingine. Kutoka Songea kupitia Namtumbo hadi Tunduru ni zaidi ya kilomita 250. Mwenye mzigo kwenye keria akienda kilomita 60 kwa siku, atalala njiani mara nne, na vijiji vingi havina nyumba ya wageni. Atabisha hodi kwa watu asiowajua. Hapa tunaeleza namna ya kufanya hivyo kwa usalama wa pande zote mbili.

Kwa nini usiendelee usiku

Ushoroba wa wanyamapori unaounganisha Tanzania na hifadhi ya Niassa, Msumbiji, unapita katika wilaya za Namtumbo na Tunduru. Baiskeli haina mlio, hivyo wewe na tembo mnaweza kushtukiana mkiwa karibu sana. Tafuta pa kulala kuanzia saa kumi na moja jioni.

Namna ya kuomba

Shuka kwenye baiskeli kabla ya kuingia uani. Piga hodi, usubiri. Waamkie wakubwa shikamoo, taja jina lako, unakotoka na unakokwenda, kisha omba uelekezwe kwa balozi au mwenyekiti wa kitongoji. Onyesha kitambulisho bila kuombwa. Ukimkuta mama peke yake na watoto, omba maji na maelekezo tu.

Kwa mwenyeji

Kumpokea mgeni si lazima kumlaza ndani. Baraza, mkeka na maji ya kuoga vinatosha. Mjulishe mwenyekiti hata kama mgeni anaonekana mwema. Likitokea jambo usiku, hutabaki peke yako na maelezo. Asiye raia aonyeshe pasipoti au kibali chake. Ukishindwa kumpokea, usimwache gizani: mpeleke kwa jirani au kwa balozi.

Chakula na shukrani

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Msafiri wa baiskeli huondoka asubuhi, kwa hiyo jembe lake ni la siku hiyohiyo: achote maji kwa baiskeli yake, au azibe pancha ya baiskeli ya nyumbani kama ana gundi na viraka.

Kuuliza "nidaiwe shilingi ngapi?" huwaudhi wengi. Sukari, chumvi au sabuni hupokelewa vizuri zaidi. Januari na Februari, kabla ya mavuno, ghala za wengi zimepungua na mwenyeji anaweza kumpa mgeni sehemu ya watoto wake bila kusema. Miezi hiyo, beba unga wako na umkabidhi mama mwenye nyumba mapema, kabla moto haujawashwa.

Usiondoke kimyakimya alfajiri. Waage wenyeji na balozi, na uwaulize hali ya njia iliyo mbele.